Malalamiko Kuhusu Kutoa Akiba ya Kustaafu kwa Ajili ya Ada ya Chuo

Columbus, Ohio
10 Machi 2025

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KODI YA NYONGEZA YA DOLA 1,200 ILIYOTOKANA NA MAELEZO YA OFISI YENU

Tarehe 22 Julai 2024 niliwapigia simu nikitaka kujua kama ningeweza kutoa dola 12,000 katika akiba yangu ya kustaafu mnayoitunza ili nimlipie binti yangu ada ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Kwa kuwa Kiingereza changu hakifiki kwenye mambo ya fedha, nilipewa mkalimani wa Kiswahili, na kupitia kwake mhudumu wenu alinijibu kwamba fedha za elimu ya juu hazitozwi ile asilimia 10 ya nyongeza anayotozwa anayetoa akiba kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu. Mimi nilikuwa na miaka 47.

Jibu hilo ni sahihi kwa akaunti ya IRA, yaani akaunti ya kustaafu anayojifungulia mtu mwenyewe. Akiba yangu ilikuwa katika 401(k) (mpango wa akiba ya kustaafu wa kazini) ya mwajiri niliyeachana naye mwaka 2023, na huko msamaha huo haupo. Nilisema "akaunti ya kustaafu", maneno ambayo kwa Kiswahili hubeba zote mbili, na mkalimani akayafikisha kama nilivyoyatamka. Yeye simlaumu hata kidogo. Lakini mhudumu alikuwa na akaunti yangu mbele yake, kwani alinisomea salio hadi senti ya mwisho, na hakutaja ni ya aina gani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia halali ilikuwepo. Kwa kuwa nilikwisha kuacha kazi ile, fedha zingehamishiwa IRA moja kwa moja, kisha nikazitoa humo kulipia ada, nikabaki kudaiwa kodi ya kawaida ya mapato tu. Badala yake mlikata asilimia 20 kama malipo ya awali ya kodi ya mapato, nikapokea dola 9,600 (pengo nililoziba kwa kumkopa shemeji), na mwishoni mwa Januari ikanifikia fomu 1099-R (taarifa ya kodi ya fedha zilizotolewa katika akiba ya kustaafu) yenye namba 1 katika kisanduku cha 7, maana yake nimetoa mapema bila msamaha unaojulikana. Siku 60 anazoruhusiwa mtu kurudisha fedha katika akaunti ya kustaafu zilikuwa zimekwisha zamani.

Nilipopiga tena Februari niliambiwa kwamba kampuni haitoi ushauri wa kodi. Kama ndivyo, hilo lilipaswa kusemwa Julai, kabla sijatia saini.

Ninaomba msikilize rekodi ya simu ile, mnipatie nakala yake, na mnifidie dola 1,200. Nasubiri jibu la maandishi, kwa Kiswahili, ndani ya siku 30, kwani natakiwa kuwasilisha hesabu zangu za kodi kufikia tarehe 15 Aprili.

Wenu,
Mteja