Barua kwa mwanangu: Jioni kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili baba yako alikuwa pembeni, akacheka uliposema wamekupa somo la uumbaji Sabato ijayo na hujui pa kushika. Nimeona nikuandikie tu, maana kwa simu bando hukata kabla sijafika siku ya tatu.

Usianze na lile swali la nuru ilitoka wapi siku ya kwanza ilhali jua liliumbwa siku ya nne. Kuna kijana atakuuliza, hakosi. Mwonyeshe mpangilio ulivyo: siku tatu za kwanza Mungu anatenga nafasi, nuru na giza, anga na maji, nchi kavu na bahari. Siku tatu zinazofuata anazijaza nafasi zilezile kwa zamu: mianga, kisha ndege na samaki, kisha wanyama na mtu. Ni kama fundi anayemaliza vyumba kabla ya kuingiza vitanda. Ukishasema hivyo, songa mbele. Nimeshaona darasa zima likikwama kwenye jua mpaka kengele ikalia, siku ya saba hakuna aliyeigusa.

Wape kazi ya kuhesabu, watu huchangamka wakihesabu. Mara ngapi Mungu anaona kuwa kazi ni njema? Watapata saba, ya mwisho ikiwa "chema sana". Kisha waulize ni siku gani aliinyima neno hilo. Ni ya pili, na ya tatu imelipata mara mbili, kwa sababu maji yaliyoanza kutengwa siku ya pili yalikuja kutulia siku ya tatu. Hayo ni maelezo ya zamani ya walimu wa Kiyahudi, na mimi huyapenda: kazi iliyofika nusu haijasifiwa bado.

Halafu hakikisha hawafungi Biblia kwenye Mwanzo 1:31. Mgawanyo wa sura hakuuweka Musa. Husemwa ni kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury katika karne ya 13, na kisu chake kilipita pabaya, kikaiacha siku ya saba ng'ambo, sura ya 2, kana kwamba ni nyongeza. Someni mfululizo mpaka 2:3. Pale ndipo "ikawa jioni ikawa asubuhi" inapokoma. Siku sita zote zimefungwa kwa maneno hayo, ya saba haikufungwa. Na jina Sabato halimo pale, litakuja kwenye Kutoka 16, habari ya mana. Lililomo ni tendo: kwa Kiebrania ni kuacha, kukoma. Biblia yetu imeandika "akastarehe", neno zuri, lakini lisiwafanye wafikiri Mungu alichoka.

Hiyo jioni inayotangulia asubuhi isikupe shida. Sisi Waswahili tuna hesabu hiyohiyo. Ukimsikia mzee wa pwani akisema usiku wa Ijumaa, anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa ofisini bado ni Alhamisi. Saa zetu nazo huanza moja jua likishazama. Ndiyo maana tunafungua Sabato Ijumaa jioni bila kuona ajabu. Atakayekuzingua ni yule wa majina: Jumamosi ni "mosi", basi ya saba si Ijumaa? Mwambie majina haya tumeyapokea kwa watu wanaoanza kuhesabu baada ya Ijumaa, siku yao ya swala ya pamoja. Hata hivyo Mwarabu mwenyewe Jumamosi anaiita Sabt.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Wababeli walikuwa na hadithi yao ya uumbaji, vibao vyake vya udongo vilichimbuliwa Ninawi. Humo mtu anaumbwa kwa damu ya mungu aliyeuawa, ili abebe kazi na miungu ipumzike. Soma hilo, kisha urudi Mwanzo. Mtu ameumbwa siku ya sita. Siku yake ya kwanza nzima ni ipi? Ni ya saba. Hajalima tuta hata moja, bustani atakabidhiwa "ailime na kuitunza", na tayari yuko mapumzikoni. Hakuistahili kwa jasho. Nikifundisha hapa huwa nanyamaza kidogo, maana sisi Wapare tumelelewa kwamba anayekaa kabla ya kufanya kazi ni mvivu.

Na kuna jambo sijawahi kukuambia. Ulipokuwa mdogo tulikuwa na binti wa kazi. Ijumaa alipika makande, akafua, akapiga deki, ili sisi tukifungua Sabato nyumba iwe safi. Sabato yenyewe alibaki nawe, akapasha chakula, tukirudi na wageni akaosha vyombo. Siku moja akaniomba aende darasa la ubatizo. Nikamwuliza, "Mtoto atabaki na nani?" Hakurudia tena. Mwaka uliofuata lesoni ikafika Kutoka 20, nami ndiye mwalimu. Nilipofika "wala mjakazi wako, wala mnyama wako" nilisoma haraka nikapita. Huyo binti alishaondoka kwetu, na sikujua alikoolewa. Amri ile katika Kutoka inatoa sababu ya uumbaji, lakini katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni utumwa wa Misri, ili mtumishi wako apumzike "kama wewe". Kwa miaka mingi nilifundisha ya kwanza tu.

Nawe sasa una binti nyumbani kwako. Nilipokuja Agosti nilimwona Jumamosi akiosha sufuria tukiwa tunaimba sebuleni. Sikusema kitu, kwa sababu niliona aibu yangu mwenyewe pale kwenye karo. Makande yanakaa vizuri usiku mmoja, na vyombo vinaweza kungoja jua lizame. Wageni wakishangaa, washangae.

Nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi kiroba: mahindi yaliyokobolewa na maharage. Loweka Alhamisi usiku. Nazi utanunua huko, za hapa Same bei imepanda. Baba yako anasema ukimaliza kufundisha umpigie, anataka kujua yule kijana wa jua aliuliza nini.

Mama yako