Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Kuzikana, Walukuba, Jinja

Wazee wangu, akina mama, vijana, ndugu wanachama wote,

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Ya kawaida mnayajua, sitawachosha nayo. Tumezika mara saba, tumechangia harusi tatu, tumetembelea wagonjwa, tumezibua mfereji ulioziba, na hema limeshonwa upya. Mapato shilingi 3,180,000, matumizi 2,905,000, salio liko benki na karatasi anazo mweka hazina. Tulioandikishwa ni 86. Waliomaliza ada ya mwaka ni 29. Mkutano wa Agosti tulikuja watu kumi na wanne, tukangoja akidi mpaka saa kumi na moja jioni, haikutimia, tukarudi majumbani. Lakini ilipovuma mtaani kwamba mwenyekiti amekula pesa za dharura, wiki ile ile walikuja zaidi ya sitini. Jambo hilo limenisikitisha sana na nalisema mbele yenu.

Sasa tuje kwenye hizo pesa. Ni shilingi 460,000.

Mnajua kijana wa mwanachama mwenzetu, yule utingo wa lori, yuko rumande kwa kesi ya mauaji. Shahidi mmoja anasema alimwona usiku ule hapa mtaani, kwa mwanga wa taa ya boda boda. Kijana anasema usiku huo alikuwa Malaba, lori lao limekwama kwenye foleni ya mpakani. Mama yake alinigongea kabla ya alfajiri, hata viatu hakuvaa, akaniuliza neno moja tu: watu wa Malaba wataletwa na nani? Wakili wa kumtetea amepewa, analipwa na serikali, kwa maana ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda inataka hivyo pale adhabu inapoweza kuwa kifo. Lakini wakili hatoi nauli ya mashahidi.

Nilikwenda Malaba mimi mwenyewe, mara mbili, kwa pesa yangu, katibu anajua. Nikampata mama anayeuza chai. Ana daftari la madeni, la kurasa 96, jalada limelowa mafuta. Akalamba kidole, akafunua taratibu, akanionyesha tarehe yenyewe: jina la kijana, chai mbili, chapati tatu, atalipa akirudi. Kwa penseli. Mikono ilinitetemeka. Uhai wa mtu umeshikwa na mstari mmoja wa penseli, na mwenye daftari hana nauli ya kufika Jinja! Kamati ilipiga kura, watano wakakubali, wawili wakakataa. Tukatoa nauli na malazi ya mama huyo, ya dereva, na ya mwenye gesti walikolala. Walipofika, kesi ikaahirishwa. Ndiyo sababu nauli mnaiona mara mbili kwenye hesabu. Hakuna aliyekula hata shilingi.

Mzee mmoja ninayemheshimu alisimama akasema chama cha kuzikana hakitetei wauaji, na aliyeua naye auawe. Mama wa marehemu ni jirani yetu. Nililala matanga kwake siku tatu, na uchungu wake naujua. Aliyemuua mwanawe apatikane, afungwe, hata kama ni maisha. Ila masheikh wetu watanisahihisha nikikosea: hata kwenye kisasi ushahidi hutangulia, na wafiwa wameachiwa mlango wa kusamehe au kupokea dia, yaani fidia ya damu.

Wengine mnasema korti haiwezi kukosea kwa jambo zito namna hii. Nawakumbusha Edward Mpagi wa Masaka. Mwaka 1982 yeye na binamu yake walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtu ambaye hakuwa amekufa. Mtu huyo alikuwa hai, akila na kulala. Binamu alifia gerezani. Mpagi alikaa na waliohukumiwa kifo katika gereza la Luzira mpaka mwaka 2000, Rais alipomsamehe. Hebu tazameni miaka hiyo. Aprili 1999 walinyongwa watu 28 pale pale Luzira, naye yumo ndani. Kama jina lake lingekuwa kwenye orodha ile, mwaka uliofuata angesamehewa nani? Na hilo neno kusamehewa linaniuma mpaka leo, kwani alikuwa amekosa nini?

Ni kweli tangu hapo raia hawajanyongwa. Ni kweli pia kwamba Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, Mahakama ya Juu ilisema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, na aliyengoja zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho abadilishiwe iwe kifungo cha maisha. Kigula mwenyewe alitoka 2016, yuko nje. Lakini kitanzi kiliachwa ndani ya sheria, na kosa analoshtakiwa kijana wetu bado linaweza kumfikisha huko. Mimi nisingengoja nione.

Katiba ya chama chetu inasema mfuko wa dharura ni wa kifo, ugonjwa na shida nyingine ya mwanachama. Kama hii si shida, nielezwe shida ni ipi. Wanaotaka nirudishe pesa hizo kutoka mfukoni mwangu, jibu langu ni hapana. Mkutano ukiamua kuniondoa, vitabu na muhuri nimekuja navyo, nitakabidhi leo.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatumaini kuongeza viti, kuwaanzishia akina mama mradi, na kumwalika mwanasheria aje atufundishe mambo ya korti. Yote hayo yanategemea ada zenu.

Kesi inasikilizwa tena mwezi ujao. Mama wa chai ameahidi kuja, nami nimemwomba afunge daftari kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, lisije likalowa mvua. Nauli yake haijatimia. Mweka hazina amekaa pale karibu na mlango.

Mwenyekiti