Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, na suala la banda la viberenge

Wazee wangu shikamooni, wengine habari zenu.

Ya kawaida napita haraka maana mnayajua, misiba tumezikana, wagonjwa tumewaona, usafi tumefanya. Mkutano wa Machi akidi haikutimia, wa Julai hivyo hivyo, wa Oktoba walikuja tisa na wawili kati yao walikuwa wanasubiri treni ya Kigoma. Ada: tupo 41, waliolipa 17, kwa elfu 12 ni 204,000, imetumika 150,000 na ushee, risiti anazo mhazini. Na wanaopiga kelele hela imeliwa ndo haohao hawajatoa hata mia.

Sasa banda. Tulikubaliana tutafute lilipokuwa banda la viberenge, vile vigari vidogo vya reli vya mafundi wa njia, hapa Tabora kabla hatujaisha wote tunaolikumbuka. Wengi mnasema lilikuwa kwenye mwembe. Mimi nikaamua tuchimbe ng'ambo ya pili ya reli, kwenye kiwanja cha mwenzetu aliyeturuhusu, ndo maneno yakaanza eti mwenyekiti kaamua peke yake bila akidi. Akidi ningeitoa wapi?

Hebu fikirini. Reli kutoka Dar ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, ya Mwanza ikakamilika 1928. Banda tunalolijua sisi lilihudumia gengi, yaani vikundi vya mafundi wa njia, za pande zote tatu, sasa mtu aliweke kwenye mwembe ili kila asubuhi kiberenge kivushwe laini zote za shantingi, zile za kupangia mabehewa? Halafu kiberenge hakihitaji swichi ya kukihamishia njia nyingine, watu wanne wanakinyanyua, wanakigeuza, wanakisukuma juu ya vipande vya reli vilivyolala kukatiza njia kuu mpaka bandani. Kwa hiyo kutafuta ukuta ni kupoteza muda, matofali yalishabebwa kitambo watu wakajengea vyoo, cha kutafuta ni reli zilizokatiza. Wazo hilo nililitoa mimi, lipo kwenye muhtasari, someni.

Na tumezikuta. Kina cha goti, udongo mweusi, ukiuponda mkononi unabaki na utelezi wa grisi, chini yake vipande viwili vya reli vimelala sambamba. Nikaweka futi mwenyewe mbele ya mashahidi, ndani kwa ndani mita 1, upana wa njia yetu ya zamani. Kuna mjumbe anasema hizo ni nguzo za fensi. Ni kweli reli kuukuu zinafanywa sana nguzo, ila nguzo gani zinalala zimepimwa mita kamili? Na asije mtu akasema ni mabaki ya SGR, reli mpya ya kisasa, upana wa ile ni milimita 1435. Mimi kwangu hoja imefungwa, mwenye ushahidi wa mwembe aje na jembe lake.

Mwakani Inshallah tuweke kibao pale, tukipata mfadhili, na labda kijana wa kutuchorea ramani.

Ada hata kwa simu inapokelewa. Kikao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa nne, siyo saa sita.