Kwa Ambwene, kuhusu ndege ya mbao

Mafinga, Iringa

Ndugu yangu Ambwene,

Salamu nyingi kutoka huku Mafinga, ambako baridi ya Julai bado haijatuachia. Barua yako nimeipokea, na nimelifurahia swali la mwanao anayetaka kujua ndege za kivita huundwa kwa chuma gani. Mwambie kwamba chuma hutumika kwa uchache, kwa kuwa kwa ujazo uleule uzito wake unakaribia mara tatu ya ule wa alumini, na kwamba mojawapo ya ndege zilizowasumbua sana Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili iliundwa kwa mbao.

Ndege hiyo ni Mosquito ya kampuni ya de Havilland ya Uingereza, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940. Alumini ilikuwa ikigombaniwa, ilhali mafundi samani walikuwapo, nao wakapewa kazi. Kiwiliwili kilifanywa kwa vinia, yaani tabaka nyembamba za mbao, za mti wa betula, katikati ukitiwa balsa, mti mwepesi ajabu. Nusu zake mbili ziliumbwa kila moja peke yake juu ya kalibu, zikafungwa nyaya na mabomba zikiwa bado wazi, ndipo zikagandishwa pamoja kama maganda ya kunde. Wewe uliyewahi kuingia katika viwanda vyetu vya plaiwudi unajua kwamba nguvu yote imo katika kupishanisha nyuzi za mti na katika gundi. Gundi yao ya awali, ya kasini itokanayo na maziwa, haikustahimili unyevu wala ukungu, ikabidi waibadilishe kwa gundi ya kemikali.

Mbao hazingeweza kufuata kasi iliyokuja baadaye. Ndege ya upelelezi ya Marekani, SR-71, ilipita mara tatu ya kasi ya sauti, na kwa joto la msuguano wa hewa alumini ingelegea. Ikaundwa kwa titani, metali inayostahimili joto, ambayo sehemu kubwa ilinunuliwa kwa siri kutoka Urusi ya Kisovieti, yaani nchi ileile iliyokuwa ikipelelezwa!

Leo nyuzi za kaboni hulazwa kwa kupishana ndani ya gundi ngumu, kwa kanuni ileile ya plaiwudi, na takriban asilimia 70 ya ngozi ya ndege ya kivita ya Ulaya, Eurofighter Typhoon, imefanywa hivyo.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Lusungu