Tupake chokaa viwanja vidogo vya ndege kabla mvua hazijarudi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake kuna jambo limenikaa rohoni tangu nisome barua ya msomaji aliyelalamika kwamba rubani wa ndege ndogo aliyewabeba kwenda magharibi mwa Uganda alizunguka juu ya kiwanja mara mbili alafu akageuza akawarudisha Entebbe, akakosa siku yake ya kuona gorila Bwindi, na akasema rubani aliogopa ukungu kidogo tu wakati kiwanja kilikua kinaonekana wazi kabisa hapo chini. Huyo rubani simjui na msomaji simjui, ila nimerusha ndege ndogo nchi hii miaka mingi, hizi Cessna za injini moja, na nataka nimwambie huyo ndugu kwamba hakudanganya, kiwanja alikiona, na rubani naye alifanya sawa kugeuza.

Iko hivi. Ukiwa juu ya kiwanja ukatazama chini moja kwa moja, jicho linapita kwenye unene wa ukungu peke yake, na ule ukungu wa asubuhi kule Kigezi saa ingine ni mwembamba kama shuka, unaona kila kitu mpaka mbuzi. Lakini ndege haishuki kama ndoo kisimani, inakuja kwa mshazari, nyuzi 3 hivi, na kwa mshazari huo jicho linapita kwenye ukungu uleule karibu mara 19 ya pale ulipotazama kutoka juu. Kwa hiyo unaiona ranwei, yaani ile njia ya kutulia, vizuri, unazunguka, unajipanga, unaanza kushuka, alafu unaingia kwenye weupe na ranwei inapotea palepale unapoihitaji, ukiwa chini, na milima iko kulia na kushoto. Abiria aliyekaa dirishani bado anakumbuka alichoona dakika mbili zilizopita. Rubani anatazama kilichoko mbele sasa hivi, na mbele hakuna kitu.

Mimi mwenyewe yalinikuta Aprili moja, sitataja ni wapi. Nilikua nimebeba dawa na manesi wawili, mvua inanyesha sio kubwa lakini ya kuendelea, mawingu yamekaa chini, natafuta kiwanja cha murram, yaani udongo mwekundu ulioshindiliwa, ambacho nilishatua mara nyingi wakati wa jua. Murram ikilowa inakua rangi moja na kila barabara ya kijiji, nyasi pembeni zilikua zimepanda mpaka kiunoni zimemeza kingo zote, hakuna jiwe jeupe hakuna chochote. Nikaona mstari mwekundu umenyooka, nikafurahi, nikashusha flapu, nikaanza kushuka. Niko futi 300 hivi kutoka ardhini ndio naona taa inanijia, kumbe ni bodaboda amebeba matoke. Nilikua natua barabarani! Nikaongeza nguvu ya injini mpaka mwisho nikapanda nikarudi zangu, na manesi hawakusema neno mpaka tulipofika. Jioni hiyo ndio nikakaa nikafikiria vizuri, dira ilikua inanionyesha nyuzi 30 pembeni ya nilikotakiwa kuelekea na sikuitazama, manake jicho lilishafurahi. Zile nambari zinazoandikwa mwanzo wa ranwei zina kazi, ranwei 17 ya Entebbe maana yake unaikuta ukiwa umeelekea nyuzi 170 au karibu na hapo, na hata kiwanja kisichoandikwa kitu rubani anajua mwelekeo wake. Tangu siku ile nikiona mstari wowote kwenye mvua swali la kwanza naiuliza dira, alafu ndio nauliza macho.

Watu wamezoea Entebbe wanadhani kote ni Entebbe. Pale ranwei kubwa ina urefu wa mita 3,658, lami, taa kila mahali, na ukitokea kaskazini kuna mawimbi ya redio ya kukuongoza mpaka karibu na ardhi. Pembeni kuna taa nne za PAPI, zinazokuonyesha kama unashuka kwa mshazari unaofaa, mbili nyeupe mbili nyekundu uko sawa, zote nyekundu uko chini mno. Sisi wa ndege ndogo tunaenda viwanja vya hifadhini na vya vijijini ambako kuna nyasi, murram, na Mungu.

Na jicho linadanganya, hii ndio sehemu ambayo abiria hawaijui kabisa. Ranwei nyembamba inakufanya udhani uko juu sana, kwa hiyo unashuka zaidi kuliko inavyofaa. Ranwei inayopanda kilima inakudanganya vilevile. Maji ya mvua kwenye kioo yanapinda mwanga na yanakuambia uongo uleule, kwamba uko juu. Sasa chukua kiwanja chembamba, kinachopanda, siku ya mvua, uongo mitatu yote inakusukuma upande mmoja, chini. Kuna ingine, ukitazama weupe mtupu kwa muda macho yanalegea yanajipanga kutazama kitu kilicho mita moja au mbili tu mbele yako, kiwanja kinaweza kutokea na usikione. Dawa yake niliyofundishwa ni kutazama ncha ya bawa au kitu chochote cha mbali kinachoonekana alafu kurudisha macho mbele, na nafanya hivyo kila mara. Nafanya na hili, sitafuti ranwei kwanza, natafuta vitu vikubwa, mto, makutano ya barabara, bati la kanisa, mstari wa miti ya kalitusi, manake hivyo nimevichora kichwani kabla sijaondoka na vinaniambia ranwei inatakiwa iwe wapi. Nisipoiona hapo basi kwangu haipo, na siendi kuibahatisha.

Kuna waliojaribu kupima rubani ambaye hajafunzwa kurusha kwa kusoma vifaa peke yake anadumu muda gani akishapoteza kuona nje. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani walichukua wanafunzi 20 wakawazuia wasione nje, wote 20 wakapoteza uongozi wa ndege, na wastani ulikua sekunde 178. Hata dakika tatu hazijafika.

Na aliyefunzwa kabisa naye yuko hatarini akiendelea kushuka wakati haoni. Wazee wanakumbuka Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines ilitoka London ikaingia kwenye ukungu wa Roma, ikajaribu kutua ikashindwa ikajaribu tena, na mwisho ikaanguka, watu 33 kati ya 52 wakafa. Waliochunguza walisema wafanyakazi wa ndege waliendelea kushuka chini ya kile kimo cha mwisho kinachoruhusiwa bila kuwa wameiona ranwei. Ndege kubwa, marubani wazoefu. Na juzijuzi tu hapa ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Tanzania, Novemba 6, 2022, ndege ya ATR 42 iliyokua inakuja Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa iliingia ziwani kabla ya kufika uwanjani, ilikua na watu 43, na 19 hatunao. Wavuvi ndio walifika kwanza. Kila nikikaribia Entebbe kutoka upande wa ziwa asubuhi ya mvua, maji ya kijivu na mbingu ya kijivu hujui moja imeishia wapi, nawakumbuka wale watu.

Sasa nakuja kwenye ombi langu, na ndio sababu naandika kwa Kiswahili. Viwanjani huku mtu ninayeongea naye kwenye simu kabla sijaruka ni askari, au mlinzi wa hifadhi, au kijana anayefukuza ng'ombe, mimi sijui Kikaramojong na Kifumbira nasikia maneno mawili matatu tu, tunaelewana kwa Kiswahili. Namuuliza hali ya hewa ikoje afande, ananijibu nzuri. Anajibu nzuri kwa heshima manake anajua nataka kuja na hataki kuniangusha. Kaka zangu, nzuri hainisaidii. Niambie unaona nini. Simama mwanzo wa kiwanja, unaona mwisho wake? Unaona ule mnara wa simu? Kile kilima nyuma ya shule unakiona chote au kichwa kimeingia kwenye wingu? Mnara uko kilomita 3 na unauona, basi najua. Kilima kimekatwa nusu, basi najua wingu liko kimo gani. Kuna mlinzi mmoja huko Karamoja siku moja nilimpigia saa moja asubuhi akaniambia, mzee mimi naona mti wa kwanza na wa pili, wa tatu siuoni, usije. Sikwenda. Nilimpelekea sukari kilo mbili safari iliyofuata, na ningempa zaidi kama ningekua nayo.

Na chokaa. Viongozi wa wilaya, wenye lodge, wasimamizi wa hifadhi, hili halingoji bajeti ya serikali. Chukueni matairi yaliyochakaa, yafukieni nusu kwenye kingo pande zote mbili nje ya njia ya magurudumu, yapakeni chokaa nyeupe, na pale mwanzo wa ranwei muweke mengi zaidi yakae mstari wa kukata ili nijue pale ndio pa kugusa. Nyeupe kwenye murram iliyolowa inaonekana wakati hakuna kingine kinachoonekana. Mvua inaiosha, kwa hiyo ipakwe tena kabla ya Machi na tena kabla ya Septemba mvua zikiwa njiani. Nyasi zikatwe. Ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ubadilishwe ukipauka, nimeshaona mmoja umebaki kamba na kipande kidogo kama leso. Na msifikiri ni mvua peke yake, Desemba mpaka Februari wanapochoma nyasi kaskazini moshi unakaa angani siku nzima, jua likiwa limeinama mbele yako huoni kitu, na wakati huo pia chokaa ndio inaniokoa. Mtu aende tu aangalie kiwanja chake toka kilima cha karibu siku ya mvua, kama hakioni akiwa amesimama chini basi ajue mimi niliye angani naendeshwa na mazoea.

Taa za ranwei kwenye viwanja vyetu vingi hatuna na sizidai leo, saa kumi na mbili na nusu jioni lazima niwe nimeshatua manake huku kwetu jua likizama giza haliulizi.

Na kwa abiria, pamoja na yule ndugu wa ile barua. Najua mmelipa pesa nyingi. Najua kibali cha gorila kina tarehe yake na hakingoji mtu. Lakini ile sauti ya nyuma inayosema kaptein jaribu tena mara moja, inasikika, rubani ni mtu, ana bosi, ana jina la kulinda, na kila anapoisikia uzito unaongezeka upande ambao macho yake tayari yanamdanganya. Mimi nimejiwekea sheria, najaribu mara moja, nikiwa na sababu ya kweli kwamba kuna kitu kimebadilika najaribu ya pili, ya tatu haipo hata abiria akiwa waziri. Naomba waajiri wetu waseme hivyo wazi mbele ya abiria kabla hatujawasha injini, ili nikigeuza kila mtu awe alishaambiwa.

Kama kuna mwenye kiwanja hapa magharibi au Karamoja ambaye hajui aanzie wapi, aache ujumbe kwa mhariri. Anunue chokaa tu, matairi nitayatafuta Kajjansi kwa mafundi, na siku nisiyokua na safari nitakuja mwenyewe na brashi.

Rubani wa ndege ndogo,
Kajjansi