Gari la Belfast lilipelekwa Basra

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja ambayo imerudiwa na wasomaji kadhaa, kwamba askari wa Uingereza walikufa Iraq na Afghanistan ndani ya magari dhaifu kwa kuwa serikali yao haikuwa na fedha za kununua yaliyo bora. Hoja hiyo inaelekea kuwa na mantiki, lakini inawaondolea lawama watu waliostahili kuibeba. Ninalijali jambo hili kwa sababu raia wa Jumuiya ya Madola, wakiwemo vijana wa Kenya, hujiunga na jeshi hilo, na kwa sababu askari na polisi wetu wenyewe wameuawa na mabomu ya kutegwa barabarani huko Mandera, Garissa na Lamu.

Gari lenyewe, Snatch, lilikuwa Land Rover iliyovikwa deraya nyepesi, nalo lilianza kutumika Ireland Kaskazini mwaka 1992. Huko lilifaa. Doria za Belfast zilihitaji gari dogo la kupita kwenye mitaa ya watu bila kuwatisha wakazi kama kifaru kinavyotisha, lakini lenye uwezo wa kuhimili mawe, chupa za petroli na risasi za silaha ndogo. Vita vya Iraq vilipoanza mwaka 2003, na jeshi likajikuta na kazi ya kulinda usalama katika miji ya Basra na Al Amarah, magari hayo yalipelekwa kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo, na kwa miezi ya mwanzo uamuzi huo unaeleweka.

Baadaye adui alibadili mbinu. Wanamgambo wa kusini mwa Iraq walianza kutumia mabomu yenye sahani ya shaba ambayo, baruti inapolipuka, hugeuka kuwa kipande kizito kinachokwenda kwa kasi kubwa mno na kupenya hata deraya nene kuliko ile ya Snatch. Afghanistan hatari kubwa ilikuwa baruti iliyofukiwa ardhini, na hapo umbo la gari ndilo linaloamua nani atapona. Gari lenye sehemu ya chini iliyo bapa na iliyo karibu na ardhi hupokea nguvu yote ya mlipuko. Gari lililoinuliwa juu, ambalo bamba lake la chini limekunjwa kwa umbo la V, huugawa mlipuko huo ukatokea pande mbili. Magurudumu hung'oka na injini huharibika, lakini waliomo ndani, wakiwa wamefunga mikanda, mara nyingi hutoka wakiwa hai.

Elimu hiyo haikuwa siri ya maabara yoyote. Ilipatikana kusini mwa Afrika katika miaka ya 1970 na 1980, wakati wa vita vya Rhodesia na Namibia, na Casspir, gari la Afrika Kusini la umbo hilo ambalo baadaye askari wa Uganda walilitumia Mogadishu, lilikuwa barabarani zaidi ya miaka 20 kabla ya uvamizi wa Iraq. Uingereza yenyewe iliwahi kuwa na magari machache ya Mamba, yenye asili hiyo hiyo, ambayo iliyatumia katika nchi za Balkani na kisha ikayauza.

Kwa nini basi gari la namna hiyo halikuagizwa mapema? Hapa ndipo hoja ya ukosefu wa fedha inapoanguka. Mahitaji ya dharura ya vita yalikuwa na utaratibu wake, ambapo Wizara ya Ulinzi iliomba kifaa kinachohitajika na operesheni fulani, na Hazina ikalipa kutoka katika akiba ya serikali, nje ya bajeti ya kawaida ya ulinzi. Tume ya Sir John Chilcot, iliyochunguza ushiriki wa Uingereza katika vita vya Iraq, katika ripoti yake ya Julai 2016, ilieleza kwamba fedha hazikuwa kizuizi cha moja kwa moja. Ilichobaini ni kwamba macho ya wakuu wa jeshi yalikuwa kwenye FRES, mpango mkubwa wa magari ya kivita ya miaka ijayo, na kwamba jambo hilo lilipunguza uwezo wa jeshi wa kushughulikia hitaji lililokuwa mbele yake. Zaidi ya hayo, tume ilisema kwamba haikuwa wazi ni mtu gani au idara gani ndani ya Wizara ya Ulinzi iliyokuwa na wajibu wa kutambua pengo kama hilo na kulisema. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika mkasa huu. Operesheni za kivita za Uingereza nchini Iraq zilimalizika mwaka 2009 bila askari hata mmoja kupanda huko gari lililotokana na FRES.

Uamuzi ulipofanyika, kazi haikuchukua muda. Julai 2006 serikali ilitangaza ununuzi wa magari takriban 100 ya Mastiff, yaliyotokana na Cougar ya Marekani, na kabla ya mwaka kwisha ya kwanza yalikuwa yamefika Iraq. Katika tangazo hilo hilo, hata hivyo, waliongeza magari ya Vector, ambayo dereva wake hukaa juu kabisa ya gurudumu la mbele, yaani pale pale bomu la ardhini linapolipukia. Vector zilipelekwa mkoa wa Helmand, Afghanistan, na baadaye zikalazimika kuondolewa. Snatch nazo ziliendelea kutumika, na Juni 2008 askari wanne waliuawa ndani ya moja karibu na Lashkar Gah, mji wa mkoa huo huo. Waliouawa ndani ya magari hayo katika vita vyote viwili walizidi 30.

Ninakubali kwamba makamanda walikuwa na sababu ya kutaka magari madogo. Mastiff yenye uzito wa zaidi ya tani 20 haipiti kwenye vichochoro vya kijiji cha Helmand, na askari aliyejifungia ndani yake hawezi kuzungumza na wanakijiji. Lakini Foxhound, gari dogo lenye umbo la V lililofika Afghanistan mwaka 2012, lilionyesha kwamba wepesi na kinga vinaweza kukaa pamoja.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu familia za waliouawa kuendelea na kesi dhidi ya wizara, na mwaka 2017 Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Michael Fallon, aliomba radhi kwa kuchelewa kuleta magari ambayo yangeweza kuokoa maisha. Radhi hiyo haikumtaja mwenye wajibu. Ninachopendekeza, kwa Uingereza na kwa serikali zetu pia, ni kwamba kila aina ya gari la doria iwe na afisa mmoja, kwa jina na cheo, anayetia sahihi kuonyesha limepimwa dhidi ya silaha zipi na linaruhusiwa kutumika wapi, na kwamba gari hilo lisipelekwe eneo jingine la vita kabla hajalipima upya na kutia sahihi tena.

Msomaji wako,
Nanyuki