Barua kwa mwanangu mhandisi: yule diwani unayemlalamikia

Mwanangu mpendwa,

Ile sauti uliyonitumia WhatsApp juzi usiku nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa uliposema diwani wako anataka pesa ya kalavati, ile njia ya maji chini ya barabara, igawanywe kila mahali, anaiona kama pilau ya shughuli, kila aliyekuja lazima aondoke na sahani. Mara ya pili sikucheka. Nilikaa barazani hadi mama yako akatoka kuniuliza kama nimepigiwa simu ya msiba.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Umerithi kwangu hilo.

Ulikuwa darasa la nne nilipochukua fomu ya kugombea udiwani mwaka 2010. Najua unachokikumbuka: uani kumejaa watu asubuhi, mama yako anachemsha chai ya sufuria kubwa, na walimu wako ghafla wanakuita "mtoto wa mheshimiwa". Usichokijua ni kilichonitoa kwenye kazi niliyoifanya zaidi ya miaka 20, kwanza wizarani, kisha TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, ilipoanza mwaka 2000. Watu walisema nimetamani ukubwa. Posho ya diwani hata nusu ya mshahara wangu haikufika, muulize mama yako.

Barabara zangu zilikuwa kuu na za mkoa. Nilikuwa nikitoka Mombo, napanda Soni, nakagua mitaro na kuta za mawe, kila kitu kiko kwenye daftari. Kisha nafika ile njia panda ya kwetu unayoijua. Kazi yangu inaishia pale, maana kutoka pale barabara ni ya halmashauri, na pale pale ndipo njia ya kwenda kwa bibi yako inapoanzia. Masika yakikolea tulikuwa tunaacha gari njia panda tunapanda kwa miguu, mimi mhandisi wa barabara, viatu mkononi. Bibi yako hakuwahi kunilaumu. Alikuwa ananiwekea maji ya kunawa miguu mlangoni, basi.

Nikachukua fomu. Kwenye kampeni nilibeba mchoro nilioutengeneza mwenyewe, nikaubandika kwenye mti, nikaeleza mitaro ya pembeni na mwinuko wa barabara katikati. Wazee wakasikiliza kwa adabu. Nilipomaliza mmoja akauliza: "Injinia, tukifiwa utakuja kuzika?" Hilo ndilo lilikuwa swali la maana siku ile. Nikasema nitakuja. Na nilikwenda, mwanangu, miaka kumi. Jumamosi zangu zote ulizokuwa unaniuliza niko wapi, nilikuwa makaburini na koleo.

Kuna mambo niliyafanya ambayo siyaonei aibu. Madarasa yaliyojengwa kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi, kwenye kata yetu nilikuwa nafika kabla fundi hajaanza kuchanganya. Unajua mafundi wetu: zege wanalipenda majimaji, kwa sababu linabebeka na linajimwaga lenyewe. Nilikuwa nachota kiganjani nalikamua. Likinichuruzika kati ya vidole, namwambia arudie. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na maji ya kipimo. Walinipa jina, "Mzee Ndoo", kwa sababu nilizihesabu ndoo za maji kwa sauti. Yale madarasa yapo, hayana ufa.

Sasa nikueleze la 2012.

Kuna kijito kata ya jirani, si yetu, kilichokuwa kinakata barabara ya magari ya kabichi na karoti kila masika. Halmashauri ikapata pesa ya kutosha kujenga kalavati ya boksi, ile ya zege yenye umbo la sanduku, njia mbili. Mhandisi wa halmashauri alikuwa kijana wa rika lako la sasa, ana shati la mikono mirefu kila siku hata jua likiwaka. Alileta hesabu zake kwenye kamati. Nilizipitia kwa kalamu nyuma ya karatasi ya ajenda. Hekta 90 hivi zinamwaga maji pale. Mvua ya milimita 100 kwa saa, ambayo huku milimani si ya kushangaza. Asilimia 40 ya maji ikimbie juu ya ardhi. Unapata mita za ujazo 10 kwa sekunde. Yeye alipata hizo hizo.

Madiwani wakaanza. Kwa nini pesa yote iende kata moja? Kwangu hakuna hata bomba. Kwangu zahanati haina njia. Mmoja akapendekeza pale kijitoni yawekwe mabomba matatu ya sentimita 90, pesa inayobaki igawanywe kata sita. Piga mwenyewe: bomba la namna hiyo linapitisha mita za ujazo 1 na kidogo kwa sekunde. Matatu hayafiki hata nusu.

Yule kijana akasimama, akaeleza vizuri, sauti inatetemeka kidogo. Wakamwambia yeye ni mtaalamu, kazi yake ni kushauri. Ndipo akanigeukia mimi. "Mheshimiwa, wewe mwenyewe ni injinia."

Kata yangu ilikuwa moja ya zile sita.

Nikainama nikaangalia ajenda. Nikasema maneno ambayo nayakumbuka yote: "Nadhani kwa kuanzia, mabomba yanaweza kusaidia." Hata sikusema uongo kamili. "Yanaweza", "kusaidia", "kwa kuanzia". Uhandisi hauna maneno hayo, siasa inayo tele, na mimi nilikuwa nimeshayajua kwa miaka miwili tu. Wakapiga makofi.

Masika ya 2013 maji yalikuja na magogo, yakaziba mabomba, yakapanda, yakabeba tuta na mabomba yenyewe. Asubuhi nilikwenda kuona. Bomba moja lilikuwa limelala kwenye shamba la maharage mita 200 chini, limejaa tope, kuku wawili wamesimama juu yake. Ng'ambo malori mawili yana kabichi zimeanza kunuka. Hakufa mtu, nashukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Kwenye baraza lililofuata walihitaji wa kumlaumu. Hawakumlaumu aliyegawa pesa, maana tulioigawa tulikuwa sisi. Walisema mtaalamu alishindwa kusimamia kazi. Kijana alihamishwa mkoa mwingine, na mimi niliinua mkono kuunga azimio pamoja na wenzangu. Jioni ile ulinikuta nimekaa gizani kwenye gari nje ya nyumba. Nilikuambia betri imekufa.

Yaliyobaki ni ya haraka. Mwaka 2015 madiwani wakanichagua mwenyekiti wa halmashauri. Nikawa naingia Kamati ya Ushauri ya Mkoa na Bodi ya Barabara ya Mkoa, nakaa meza moja na mabosi wangu wa zamani, nalalamikia ule mgawo wa Mfuko wa Barabara, asilimia 70 kwao na 30 kwetu halmashauri, mgawo ambao nilipokuwa upande wa pili niliuona wa haki kabisa. Julai 2017 TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ikaanza, barabara zikatoka mikononi mwetu. Mwaka 2019 sheria mpya ikaleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, na maji ya vijijini nayo yakaenda. Kama mhandisi niliona ni sawa: nani zaidi yangu alijua mabomba hugawanywaje kwa kura? Lakini waliojaa uani asubuhi hawakupungua hata mmoja. Nilikuwa kama mwenye nyumba asiye na funguo, wageni bado wanabisha hodi kwake. Mwaka 2020 nikaanguka kura za maoni za chama, zile zinazopigwa na wajumbe. Ule utani wa "wajumbe si watu" ulipovuma nchi nzima, mimi niliucheka kwa uchungu.

Kwa hiyo yule diwani wako namjua. Unasema ni mjinga. Huenda. Lakini huenda pia anajua kabisa kwamba hesabu yako ni sahihi, na anachotafuta ni atakachowaambia watu Jumamosi akiwa ameshika koleo.

Kikao chenu ni Alhamisi. Usimsubiri ukumbini. Jumanne mchukue mpaka kwenye kijito, wewe na yeye tu. Muoneshe alama ya maji kwenye shina la mti, mwambie asimame pale yalipofika. Ukiona yanampita kichwa, nyamaza kidogo. Kisha mpe karatasi moja: nini kitajengwa kabla ya Juni 30, nini mwaka wa fedha unaofuata, na wapi. Na jina lako liwe chini ya hesabu zako kwa maandishi, nakala ubaki nayo. Wakikataa, kumbukumbu za kikao zioneshe walikataa nini.

Namba ya yule kijana nimeipata, siku hizi naye ana mvi, nasikia. Nitampigia wiki hii.

Mama yako ameweka boksi la mapeasi kwenye basi, litafika stendi ya Msamvu, Morogoro, kesho jioni. Ya chini bado magumu, anza na ya juu.

Baba yako